Kabla ya kununua mashine ya boti, uliza spea

Vijana wa Sahare na Deep Sea huniuliza sana ni mashine gani ina nguvu na bei nafuu. Huwa nawarudishia swali: ikikuzimikia katikati ya mkondo wa Pemba, spea yake utaipata wapi? Nimetengeneza mashine za boti hapa Tanga miaka mingi, na nikipata nafasi nasoma habari za manowari, hasa za aina ya destroya. Kumbe wenye mabilioni nao wanahangaika na jambo hilohilo.

Destroya za Marekani za daraja la Arleigh Burke zilianza kazi mwaka 1991, na leo ziko zaidi ya 70. Kila moja inasukumwa na tabaini nne za gesi aina ya LM2500, ambazo asili yake ni injini ya ndege. Manowari za nchi nyingi zinatumia tabaini hiyohiyo, kwa hiyo spea zipo na mafundi wapo. Tena waliochora meli waliacha njia: tabaini ikichoka inavutwa juu kupitia mkondo wa kuingizia hewa, nyingine inashushwa palepale.

Niliwahi kuletewa boti la mbao lenye dizeli ya ndani, giaboksi inavuja. Kilichotakiwa ni sili tu, ile pete ya kuzuia mafuta yasivuje. Lakini sitaha ilikuwa imepigiliwa juu ya injini bila kuacha upenyo wowote, ikabidi mbao nzima za mvule zikatwe kwa msumeno ndipo giaboksi itoke. Sili ilikuwa rahisi. Sitaha ndiyo iliyokula pesa za mwenyewe. Ukiagiza boti, simama na fundi seremala kabla hajapigilia, akuonyeshe giaboksi itatokea wapi.

Usivutiwe na kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Marekani ilipanga kuunda destroya 32 za daraja la Zumwalt, zenye mizinga yake maalumu na risasi zake maalumu. Zikaundwa 3 tu. Risasi za meli tatu hazina soko, bei ikapanda hadi karibu dola 800,000 kwa risasi moja, ununuzi ukasitishwa, na mizinga ikabaki haina cha kupiga. Ndiyo maana nakuambia chukua Yamaha ya farasi 40 ambayo kila fundi kuanzia Moa hadi Pangani ameshaifungua.

Joto nalo lihesabu. Destroya sita za Uingereza, Type 45, zilipofika kwenye bahari za joto, kipoza hewa cha tabaini zake kilielemewa. Nguvu inashuka, mzigo unaangukia majenereta ya dizeli, nayo yanazidiwa, meli nzima inakosa umeme. Dawa ikawa kuondoa majenereta mawili na kufunga matatu makubwa zaidi. HMS Dauntless, ya kwanza kutengenezwa hivyo, ilirudi baharini kwa majaribio mwaka 2022. Maji yetu ni ya joto mwaka mzima, na yana mchanga. Fungua pampu ya maji ya mashine iliyopiga kazi muda mrefu: vibawa vya mpira vya impela vimelala upande mmoja, ncha zimeliwa, na ukivibinya shinani unaona ufa. Kimoja kikikatika maji ya kupoza mashine hayapandi vizuri, inachemka, na pistoni inaweza kukamata.

Kung'oa spea kwenye mashine ya jirani si suluhisho. Wakaguzi wa hesabu wa serikali ya Uingereza walieleza mwaka 2017 kwamba uhamishaji wa spea kutoka manowari moja kwenda nyingine uliongezeka kwa asilimia 49 ndani ya miaka mitano. Ukiponya moja, umelemaza nyingine, na kazi ya kufungua na kufunga umeifanya mara mbili.

Kwa hiyo, anayevuka kwenda Pemba abebe impela mpya, plagi, filta ya mafuta na pini ya pangaboi. Vifungwe kwenye nailoni mbili visipate chumvi, na spana yake ikae humohumo.