Kuchagua chanzo cha nyutroni kwa udongo wa Malindi

Kabla hujaulizia bei, amua unapima nini. Kama lengo ni kutibu saratani kwa boroni, achana na kapsuli, yaani kichupa cha chuma kilichofungiwa madini yenye mnururisho: tiba hiyo hudai takriban nyutroni (chembe za kiini cha atomu) bilioni 1 kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde, na hizo hutoka kwenye kinu cha nyuklia au mtambo wa kuongeza kasi ya chembe. Kazi ya kapsuli iliyo karibu nasi zaidi ni kupima unyevu wa udongo, mfano mashambani kando ya Sabaki.

Kwa kazi hiyo chagua ameriki-241 iliyochanganywa na berili. Kalifoni-252 inavutia, maana maikrogramu moja tu hutoa nyutroni milioni 2.3 kwa sekunde, lakini kila mwaka nguvu yake hupungua kwa asilimia 23 hivi. Ameriki hufikisha nusu baada ya miaka 432, kwa hiyo vipimo vya msimu huu utavilinganisha na vya msimu ujao bila wasiwasi. Gigabekereli 1.85 (kipimo cha nguvu ya mnururisho) zinatosha.

Adui mkubwa huku pwani ni chumvi. Haidrojeni ya maji hupoza nyutroni, yaani huzipunguzia kasi, na kifaa cha kupimia huhesabu zilizopoa: zikiwa nyingi, udongo una maji mengi. Klorini huzimeza hizo hizo. Ardhi ya upande wa Gongoni yaweza kuwa imelowa chepechepe, nawe ukaisoma kuwa kavu. Ndiyo maana bomba la PVC halifai kushushia kifaa ardhini, lina klorini ndani yake. Tumia la alumini, uzibe chini, na tundu libane bomba barabara: mwanya wa hewa hupotosha hesabu. Sentimita 20 za juu usiziamini, nyutroni hutorokea hewani.

Kila aina ya udongo ipimiwe kivyake. Chota udongo wa ujazo unaojulikana kando ya bomba, upime uzito, ukaushe kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Chukua sampuli wakati wa kiangazi na baada ya masika, la sivyo mstari wako wa kugeuza hesabu za nyutroni kuwa unyevu utakuwa na ncha moja. Hesabu ya nyutroni ikifika 10,000, kosa la bahati nasibu ni asilimia 1.

Ghalani, risasi peke yake haizuii nyutroni. Zungushia nta au polithini nene. Leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia itangulie ununuzi, na muuzaji akubali kwa maandishi kukichukua chanzo kikishazeeka.