Mchungaji, hubiri Amosi bila kuruka

Wachungaji wenzangu wanaotaka kuhubiri kitabu kizima cha Biblia kwa mara ya kwanza huniuliza waanze na kipi. Wengi tayari wameshashauriwa Wafilipi au Yakobo, na ni vitabu vizuri. Mimi huwaambia Amosi. Kina sura 9 na mistari 146, unakisoma kwa sauti hadi mwisho kabla saa moja haijaisha, na kwa sisi wa Mwanza, tunaoishi kwa ng'ombe, samaki na vipimo, hakihitaji mifano ya kuazima mbali. Mwenye kitabu alimwambia Amazia, kuhani wa Betheli, kwamba yeye hakuwa nabii wala mwana wa nabii; alikuwa mchungaji wa wanyama na mtunza mikuyu, Bwana akamtwaa huko nyuma ya kundi. Wazee wetu wa Kisukuma waliokulia machungani wakisikia hayo, wanakaa vizuri kwenye benchi.

Kabla hujaandika hata kichwa cha hubiri la kwanza, kisome chote, kisha ukisome tena. Utaona mambo ambayo msomaji wa mstari mmoja mmoja hayaoni. Angalia sura mbili za mwanzo. Amosi anaanza na Dameski, anakwenda Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Majirani wote hao wana madeni ya damu, na Mwisraeli aliyekuwa akisikiliza naamini alikuwa akiitikia kila hukumu. Ndipo anatajwa Yuda, ndugu yake wa damu. Halafu Israeli yenyewe, na hapo Amosi anakaa kirefu kuliko kote. Ukizigawa sura hizo mbili ziwe Jumapili nane, msikilizaji wako hatanaswa kama wale wa kwanza walivyonaswa. Zisomwe zote katika ibada moja, na msomaji awe mtu aliyejiandaa nyumbani, anayejua wapi apumzike.

Sasa nifike kwenye sababu inayonifanya niwasihi watu wahubiri kwa mpangilio. Andiko linajichagulia siku yake. Katika mji wa biashara hilo lina uzito mkubwa. Mchungaji akiibuka Jumapili moja na hubiri la mizani ya udanganyifu, watu hawajafika hata kituo cha daladala wameshaafikiana amemsema nani, na wiki inayofuata aliyesemwa hayupo. Lakini sura ya nane ikifika kwa sababu ya saba imekwisha, mfanyabiashara analipokea Neno bila kumtafuta mchongezi. Na wewe mhubiri huna pa kukimbilia, hata kama mtoa sadaka mkubwa kuliko wote ameketi mstari wa mbele.

Hiyo Amosi 8:4-6 usiihubiri kutoka mezani kwako tu. Nenda kwa watu wanaopima. Mimi niliwaomba akina mama wauza dagaa na wakulima wa mpunga katika kanisa letu wanieleze jinsi mtu anavyoibiwa kwa kipimo, wakanieleza kwa uchungu: kopo lililobonyezwa kitako, ndoo iliyojazwa kwa ujanja ili ionekane imefurika, dagaa walioanikwa chini wakauzwa na mchanga wao, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ambayo sheria imeikataza lakini mkulima bado anaifahamu mgongoni mwake. Rudi kwenye andiko ukiwa na hayo. Wafanyabiashara wa Amosi waliipunguza efa na kuiongeza shekeli, yaani waliuza kwa kipimo kidogo na kupokea fedha kwa jiwe zito, kisha wakauza takataka za ngano. Huhitaji kueleza zaidi. Mama mmoja aliniambia baada ya ibada kwamba hakujua Mungu anayajua mambo ya kopo. Sentensi yake hiyo naithamini kuliko sifa zozote nilizowahi kupewa kwa mahubiri.

Mpangilio huo huo utakufikisha mahali ambapo usingekwenda kwa hiari. Amosi 3:6 inauliza kama mji unaweza kupatwa na hali mbaya ambayo Bwana hakuileta. Isome hiyo Mwanza. Hapa kuna familia ambazo tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, zilipoteza mtu, na makaburi ya Igoma yapo. Usiuruke mstari huo, na usiusome kwa haraka ukapita. Waonyeshe watu kwamba ni sehemu ya maswali yanayofuatana tangu mstari wa tatu, simba na windo lake, ndege na tanzi, tarumbeta ya vita mjini, na kwamba yote yanaelekea mstari wa saba na wa nane: Bwana hafanyi neno bila kuwafunulia manabii watumishi wake, na akinena, nabii hawezi kunyamaza. Amosi anasema juu ya hukumu iliyokwisha kutangazwa kwa taifa lililokwisha kuonywa. Hakupewa mtu ruhusa ya kusimama kando ya maiti na kutaja dhambi ya marehemu. Kisha fungua Luka 13, uwasomee jinsi Yesu alivyowajibu watu juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Ipe sehemu hiyo Jumapili yake yote. Baada ya ibada usiondoke mapema, maana kuna watakaotaka kukaa nawe.

Kuna jambo la kalenda ambalo vitabu vya uhubiri havitakwambia. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa juu ya maji. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, na ndipo wanaume wa mwaloni wanaonekana kanisani. Giza likirudi utawakosa, na wake zao watakuja wakiwa wameshinda ufukweni tangu alfajiri wakipokea na kuanika. Kwa hiyo kila hubiri lijitegemee: dakika chache za kukumbusha tulikotoka, kisha andiko la leo liwe na mlo kamili. Mpangilio sibadilishi, ila urefu wa kifungu naubana au kuurefusha ili maneno yanayowahusu wavuvi yaangukie siku walipo. Ajabu yake, mstari wa 8:5 unawataja watu waliokuwa wakihesabu siku ili mwezi mpya upite wafungue biashara. Wavuvi wetu nao wanahesabu mwezi, na mstari huo waliuelewa kabla sijaufafanua.

Tahadhari moja kwa vijana: Amosi ana ukali, na ukali unamlevya mhubiri. Kwa hiyo kaa sana kwenye sura ya saba. Anapoonyeshwa nzige, kisha moto, mtu huyu anayekemea hivyo anaanguka kumsihi Mungu kwa ajili ya Israeli, anayoiita Yakobo: Yakobo atasimamaje, naye ni mdogo? Mara mbili Bwana anaghairi. Kama hujawaombea waumini wako kwa majina juma hilo, ahirisha hubiri, mwalike mwenzako ahubiri zaburi.

Na mistari mitano ya mwisho, 9:11-15, usiibandike mkiani mwa hubiri la hukumu kwa kuwa muda umekwisha. Kibanda cha Daudi kilichoanguka kinainuliwa, na Yakobo, kiongozi wa kanisa la kwanza, aliyanukuu maneno hayo Yerusalemu, Matendo 15, kanisa lilipokuwa likiamua kama watu wa mataifa wapokelewe bila kutahiriwa. Sisi wa kando ya ziwa hili tumo katika uamuzi huo. Panga mistari hiyo iangukie Jumapili ya Meza ya Bwana, wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwepo.