Wasomaji Wanauliza: Nyumba Iliyotia Nanga Shela

SWALI: Assalamu alaykum, Bi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa niliyeolewa Lamu, na tangu mwaka jana mimi na mume wangu tunaishi ndani ya yoti ya matanga yenye urefu wa mita 10, ambayo tuliinunua kuukuu kule Kilifi tukaitengeneza wenyewe. Tukiwa safarini tunaelewana vizuri, lakini kila tukitia nanga Shela, kijiji kilicho karibu na mji wa Lamu, mambo hubadilika: yeye huteremka asubuhi kwenda mjini kutafuta kipuri cha mashini, akaniambia anakwenda na kurudi, kisha simwoni mpaka alasiri, nami hubaki na ngama ya kufua, yaani maji yaliyojikusanya chini ya chombo, vyombo vya kuosha na hofu ya nanga kuachia. Mavyaa wangu anataka nikakae kwake Langoni mpaka upepo wa kusi utulie. Je, kosa ni langu, ni la mume wangu, au ndivyo bandari zilivyo? — Mke wa Baharia, Shela.

JIBU: Waalaykumu salamu, mwanangu. Mimi na marehemu mume wangu tuliishi chomboni miaka tisa, na ugomvi wote ninaoukumbuka ulitokea nanga ikiwa chini. Baharini kila mtu ana zamu yake. Mmoja ameshika usukani na mwingine amelala, na hakuna anayemuuliza mwenzake nani amechoka zaidi, kwa sababu zamu yenyewe imekwisha kuamua. Mkishatua tanga zamu hufa, na mwanamume huiona safari imekwisha, ilhali kwa aliyebaki chomboni kazi ndiyo kwanza inaanza. Ushauri wangu, kwa hiyo, ni kwamba mzirudishe zamu bandarini, mziandike, na mzipange kwa kufuata maji kujaa na kupwa.

Nasema maji kwa sababu ninaamini ndiyo yanayowagombanisha bila ninyi kujua. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya Lamu hujaa alfajiri, yakapwa kabisa kabla ya adhuhuri, yakajaa tena alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mume wako akiteremka saa mbili asubuhi na kuifunga boti ya mpira mbele ya mji, ikifika saa tano boti hiyo imelala juu ya tope, na hata angetaka kurudi kwako mbio itambidi aibebe au aketi barazani angoje maji. Wewe unahesabu saa ambazo hakurudi. Yeye anajua kwamba amepwelewa, lakini hakukuambia, na hapo ndipo alipokosea. Siku hizo na aende mjini baada ya adhuhuri, maji yakiwa yanaingia, au aende kwa miguu kutoka Shela, maana ni kilomita 3 tu, na boti ibaki kwako. Mke hafai kuachwa chomboni bila chombo cha kuteremkia, na jambo hili nalisema kwa uzito wote.

Hofu yako ya nanga nayo si woga wa mgeni wa bahari. Upepo wa kusi ukivuma huku maji yakitoka kuelekea baharini, upepo huisukuma yoti upande mmoja na mkondo ukaivuta upande wa pili, ikawa inazunguka juu ya mnyororo wake na kugutuka. Saa hizo, hasa za bamvua, ndizo ambazo ninyi wawili mnapaswa kuwamo chomboni pamoja. Hesabu ya mnyororo ifanywe kwa maji yaliyojaa: mkipima mita 5 maji yakiwa yamekupwa, mwongeze mita 4 za bamvua na mita 1 ya kimo cha omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, hiyo ni mita 10, na mnyororo uwe mara 5 ya hapo, yaani mita 50. Kisha nenda omoni, upige goti, uuwekee mnyororo kiganja. Nanga iliyoshika hutulia mkononi, ikivutika na kulegea taratibu. Inayokokota hutetemeka na kugonga-gonga kama gari linalopita juu ya changarawe. Mara ya kwanza mume wangu aliponiwekea mkono pale tulikuwa tumekwisha kusogea mita nyingi kuelekea mashua ya watu, na tangu siku ile sikulala tena kwa kubahatisha.

Wageni wanaotia nanga hapo wana desturi moja ninayoipenda: mke na mume wakiteremka wote, jirani wa chombo cha pili huarifiwa na kuonyeshwa ufunguo ulipo. Fanyeni hivyo nanyi.

Kuhusu maji ya kunywa na kupikia, dumu la lita 20 ni mzigo wa mtu mwenye nguvu, na kulipandisha kutoka kwenye boti inayoyumba ni kazi ya mume wako, siyo yako. Mkitumia lita 10 kwa siku, madumu 10 yatawatosha siku 20, ikiwa vyombo vitaoshwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa kidogo kwa maji baridi.

Lililobaki ni mavyaa wako. Usimkatalie, wala usihamie kwake kwa hasira, kwa maana mji mzima utasema umekimbia chombo. Siku za maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu, nenda kwake asubuhi na nguo zako za kufua, upike naye, urudi jioni. Kisha mwalikeni chomboni alasiri moja, bahari ikiwa imetulia. Nina hakika anadhani mkwewe anaishi juu ya ubao unaovuja. Mwache akae jikoni mwako, aone jiko lilivyofungwa lisiyumbe, na ateremke akiwa ameshiba.

SWALI: Bi, mimi na mke wangu tuko Malindi na tunataka kuja Lamu kwa yoti kwa mara ya kwanza, mwezi wa Agosti. Tuondoke lini, na tukifika tuanze na lipi? — Msomaji, Malindi.

JIBU: Chagueni siku za maji mafu, mwondoke kabla ya jua kuzama ili muione miamba ya Malindi mnapotoka. Njia ni takriban maili 75 za baharini. Kwa mwendo wa maili 5 kwa saa ni saa 15, lakini upepo wa kusi na mkondo unaopanda kaskazini vitawapunguzia. Mkiwahi kabla ya mapambazuko, kaeni mbali na nchi mpaka kuche, muingie asubuhi maji yakiwa yanajaa. Msiingie maji yakitoka, kwa kuwa pale mlangoni pa kuingilia Lamu yanakutana na upepo na mawimbi husimama wima. Mkishatia nanga asiteremke mtu, hata kama jamaa wanawapungia mkono ufukweni. Kaeni humo wote wawili maji yajae na kupwa mara moja, mkaone kwa macho yenu yoti inageukia wapi na inakaribia nini, ndipo mzungumze nani ateremke kwanza.