Mjamzito mwenye hofu: je, kutuliza pumzi ni bidaa (uzushi katika dini)?

SWALI: Assalamu alaykum, shehe. Niko Birere, hapa Goma. Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Tangu vita vya Januari 2025, mlango ukigongwa tu moyo unanienda mbio, na usiku silali. Muuguzi wa kituo cha afya amenifundisha kukaa kimya, kuvuta pumzi polepole na kusikiliza mwili bila kupigana na mawazo yanayokuja. Mama mkwe anasema hiyo ni ibada ya Mabudha, na kwamba mwenye imani haogopi. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah, dada yangu. Zoezi hilo linajuzu, endelea nalo. Lakini nianze na lile neno la mwisho, maana naona ndilo lililokuchoma zaidi. Kwamba mwenye imani haogopi si kweli, na mjamzito asiambiwe hivyo.

Fungua Sura Maryam, aya ya 23. Uchungu wa kuzaa umempeleka Maryam kwenye shina la mtende. Yuko peke yake, anasema: laiti ningelikufa kabla ya haya, nikasahaulika kabisa! Huyu ndiye ambaye Sura Aal Imran inasema ameteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu wote. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Sasa tazama alivyojibiwa. Hakukemewa. Aliambiwa usihuzunike, Mola wako amekuwekea kijito chini yako. Litikise shina la mtende, zitakuangukia tende mbivu. Kula, kunywa, litulie jicho lako. Akija mtu, mwambie umeweka nadhiri, leo husemi na yeyote. Maji, chakula, shina la kushika kwa mikono, na ruhusa ya kunyamaza mbele ya watu wenye maneno mengi. Mwili wake ulitulizwa kwanza. Majibu kwa watu yalimsubiri mtoto, Isa, aliyekuja kusema nao akiwa bado mchanga. Hata mama yake Musa, katika Sura Al-Qasas, alikaribia kuitoa siri ya mwanawe kwa hofu, mpaka Mwenyezi Mungu alipoutia nguvu moyo wake.

Kuhusu Mabudha, mama mkwe hajakosea kabisa. Mazoezi haya yana mizizi huko. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, alianza kuyafundisha kwa wagonjwa, ibada ikaachwa nje. Kilichobaki ni jambo la mwili: ukitoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua na misuli hulegea, uwe Muislamu au Mkristo. Mambo ya namna hii asili yake ni ruhusa mpaka ije dalili, yaani ushahidi wa dini, ya kukataza. Ungeambiwa utaje mungu mwingine, usujudie sanamu, au uamini kwamba pumzi yenyewe ndiyo inayokukinga, hapo ningekuambia acha leo hii. Ukipenda, sema Subhanallah unapotoa pumzi. Ila usijipangie idadi maalumu ukadhani ni sunna, maana bidaa huingilia mlango huo.

Na utulivu huu unao tayari katika sala. Yule aliyeswali mbiombio, Mtume (s.a.w.) alimrudisha: rukuu mpaka utulie, sujudu mpaka utulie. Basi usiiharakishe sujudu yako. Tumbo likikulemea, swali umekaa. Ndivyo Mtume alivyomwambia sahaba wake Imran bin Huswayn alipokuwa mgonjwa. Wengi huniuliza pia juu ya kulala. Sunna ni ubavu wa kulia, lakini mkunga akikuambia lalia wa kushoto ili damu imfikie mtoto vizuri, mfuate, huna dhambi yoyote.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea kama 15.6% ya wajawazito wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwa hiyo hauko peke yako, na wala usikimbilie kusema ni majini. Kama usingizi hauji wiki baada ya wiki, chakula hakipiti, au unatamani kufa, mwambie muuguzi waziwazi. Mtume (s.a.w.) ametuamuru tujitibu. Damu ikitoka, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au mtoto akipunguza kucheza, usikae kuhesabu pumzi, nenda maternite saa hiyohiyo.

Mumeo asome nawe jibu hili. Kama bado unapanda na bidoni ya lita 20 kutoka ziwani, kazi hiyo ni yake tangu leo. Usiku mlango ukigongwa, yeye ndiye aamke, aulize ni nani, kisha arudi akuambie.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.