Mgeni Akiipenda Nyumba Yako, Mpangishie

Kijana mmoja wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, kaniuliza juzi: ana nyumba ya urithi, Mzungu amefika bei, je auze? Nilimjibu kwa habari za nyumba yetu.

Miaka ya 1970, mahipi walikuwa wakivushwa na mashua kutoka Mokowe, upande wa bara, mabegi mgongoni, nywele mabegani, wengine peku. Mama aliwapangisha dari: mkeka, mto wa sufi, mtungi wa maji, basi. Asubuhi mahamri na mbaazi. Mmoja alikaa miezi, pesa zikamwishia, akalipa deni kwa kuuchora mlango wetu kwenye karatasi. Picha hiyo ninayo hadi leo. Sisemi walikuwa malaika. Bangi walivuta, na kupita msikitini kifua wazi kuliwaudhi wazee. Mama aliweka rundo la vikoi mlangoni: hutoki hujajifunika. Kwao tulipata senti za kila siku, na nyumba ikabaki yetu.

Kwetu hakuna aliyewafukuza. Walizeeka, wakarudi kwao, na baadaye wakaja wenye fedha waliopenda kilekile walichokipenda wao, ila hawa hawakutaka mkeka. Magofu ya Shela yakanunuliwa moja moja. Mwaka 2001 UNESCO ikauandikisha Mji Mkongwe wa Lamu kuwa Urithi wa Dunia, na wanunuzi wakazidi kubisha hodi. Baba alikuwa na deni, akauza. Fedha hazikumaliza miaka miwili. Kisha wageni wakatekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011, Mpeketoni ikashambuliwa 2014, ikaja kafyu. Wapangaji wa siku mbili tatu waliotegemewa na wenyeji wakakatika. Wenye majumba walifunga milango wakangoja.

Sasa sikiliza. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodishwa, tena isizidi miaka 99. Dalali atakuambia, "Si kuuza huko, ni lisi tu, kukodisha." Miaka 99, bwana! Mjukuu wako atazeeka akiitazama kwa nje. Mpe mitano, au kumi akiikarabati kwa gharama yake, na kodi iwe inapanda. Warithi wote watie sahihi, hata dada aliyeolewa Mombasa. Kesi nyingi nilizoziona zilianzia kwa dada aliyesahauliwa. Na mkataba utaje chokaa. Ukuta wa matumbawe ukipakwa saruji hufungia unyevu ndani, plasta ikabanduka vipande vipande, na siku ya kurudishiwa nyumba hasara ni yako.

Nyumba yetu siku hizi hufunguliwa wiki tatu, Desemba. Funguo ninazo mimi, nalipwa kuingiza hewa kila Jumamosi. Mtungi wa mama bado uko darini. Wameujaza udongo, wamepanda asumini, nami ndiye ninayeumwagilia.