Maswali na majibu: Mbona wangu kalazwa, wa jirani karudi nyumbani?

Wiki hii nimechagua maswali yanayohusu vijana wenye matatizo ya akili tu. Yamejaa, na karibu yote yana ugonjwa mmoja: kuchelewa.

Kijana wangu, miaka 19, anaongea peke yake na halali. Dalili zilianza Ramadhani ya mwaka juzi. Tumepita kwa mganga na kwenye maombi. Anaishi geto na wenzake. Daktari anataka alazwe, lakini mtoto wa jirani mwenye ugonjwa huohuo alipewa dawa akarudi nyumbani. Kwa nini? (Mama, Morogoro)

Mama, jina la ugonjwa peke yake halimlazi mtu. Daktari anapima hatari. Je, anasikia sauti zinazomwamuru ajidhuru au amdhuru mtu? Anakula? Amewahi kulazwa? Anavuta, anakunywa? Halafu linakuja swali ambalo ndugu hawalitegemei: nyumbani kuna nani? Huenda wa jirani ana shangazi anayeshinda nyumbani, anayemsimamia ameze kidonge kisha anamwambia "fungua mdomo nione". Geto hakuna shangazi. Mkubali kitanda.

Dua sizikatazi. Ombeni huku anameza dawa. Lakini saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo, ikikaa muda mrefu bila tiba, kupona kunakuwa kugumu zaidi. Kijana ambaye angeweza kuja kliniki kwa miguu yake analetwa mwaka unaofuata kwenye bajaji, kafungwa kamba, vifundo vya mikono vimetunga usaha. Hapo manesi wanasafisha vidonda kwanza, mengine baadaye.

Ni bangi tu, siyo? (Wengi)

Nimeshalijibu hili hadi nimechoka. Bangi inaongeza hatari, hasa kwa aliyeanza mdogo na anayevuta kila siku. Lakini wapo wagonjwa ambao hawajawahi hata kuishika. Neno "tu" ndilo linalowafanya mumchape badala ya kumpeleka. Na akichanganyikiwa ghafla huku ana homa, msikae kubishana kuhusu bangi: akapimwe upesi, huenda ni malaria imepanda kichwani.

Mdogo wangu alichomwa haloperidoli, dawa ya kutuliza saikosisi. Kesho yake shingo ikapinda, macho yakageukia juu. Tumeambiwa ni jini limekasirika, tukaacha dawa. (Kaka, Tanga)

Jini halihusiki. Hiyo ni athari ya dawa inayofahamika vizuri, na huwapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo. Inatisha na inauma, lakini ipo dawa ya kuilegeza, na ikitolewa kwa sindano haichukui muda mrefu. Ikitokea tena mkimbizeni hospitali hapohapo, hata kama ni usiku. Kwa sasa mrudisheni, waelezeni kilichotokea, wapunguze dozi au wabadilishe dawa. Lawama yangu nyingine naielekeza kwa wenzangu wenye makoti meupe: unamchomaje kijana dawa hiyo halafu unamruhusu bila kuwaonya ndugu zake? Shingo moja iliyopinda inawapa waganga wateja wa mtaa mzima.

Binti yangu wa kidato cha tatu anajichanja mikono. Shule inasema anatafuta kuonewa huruma, imemsimamisha wiki mbili. (Baba, Mbeya)

Shule imekosea, tena vibaya. Kujichanja ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito, nayo imemrudisha nyumbani ashinde peke yake! Kaa naye, muulize waziwazi: "Mwanangu, unafikiria kufa?" Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi linampa nafuu. Akijibu ndiyo, mpeleke hospitali leo, na asiachwe peke yake hata msalani. Dawa za shambani na vidonge vya bibi vifungiwe. Hata akijibu hapana, wiki hii aonwe kliniki.

Ulizeni pia, kwa upole na faragha, kama kuna mtu anayemgusa. Tukimtibu kisha mkamrudisha kwenye nyumba hiyohiyo, tutaonana tena wodini.

Najua wengine mnaficha mambo haya kwa kuogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha katiba. Sheria ya namna hiyo kazi yake ni kuwazuia watu wasifike hospitali mapema, basi, na wabunge wetu hapa Tanzania wangeitazama na ya kwetu.

Akilazwa Mirembe, ataolewa kweli? (Shangazi, Singida)

Wapo waliolazwa na sasa wana wajukuu. Hospitali ile ipo Dodoma tangu 1927. Ninyi ndio mliogeuza jina lake kuwa tusi.

Dada katoka wodini mwezi uliopita, yuko safi kabisa. Aache dawa? (Mdogo wake, Dar)

Hapana. Yuko safi kwa sababu anazimeza. Kuacha dawa ghafla ni njia ya haraka kuliko nyingi ya kurudi wodini. Kama zinamnenepesha au kumsinziza, akamwambie daktari siku ya kliniki, tarehe iko kwenye kadi yake.