Dawa za magoti tulizojaribu na mamangu, na ule unga ulotutia hofu

Kila wiki kuna mtu ananiuliza, mamako alipona magoti kwa dawa gani? Hajapona jamani, ila anatembea. Naandika yote hapa manake naona wengi wanaifuata njia ile ile tulopita sisi.

Mamangu ana miaka 67, tuko hapa Amu (Lamu), chumba chake kiko juu na ngazi za nyumba za mawe mwazijua zilivyo. Maisha yake yote amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, magoti yamekunjwa. Mwaka juzi akaanza kushuka ngazi kwa kukaa, moja moja kama mtoto mdogo, na kuswali ikawa ni kwenye kiti. Hospitali wakampiga picha, wakasema gegedu la goti, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, wakampa panadol na kumwambia apunguze uzito, basi. Tukarudi nyumbani tukaanza kutafuta wenyewe.

Mafuta ya nazi yalochemshwa na karafuu, yakiwa moto moto, namkanda kila usiku. Yanasaidia kweli, usiku ule analala, lakini asubuhi maumivu yako pale pale, kwa hivo ni nafuu si tiba. Pilipili nayo ina dawa ndani yake, kapsaisini, na kuna krimu yake ya dukani ambayo madaktari wanaikubali kwa goti, lakini msifanye kama shangazi alosaga pilipili mbichi akampaka, ngozi ilibabuka wiki nzima. Manjano na maziwa alikunywa miezi mitatu, sikuona kitu. Utafiti upo unaoonyesha manjano inapunguza maumivu kidogo, lakini ni ile ilokamuliwa ikawa kali sana, si kijiko cha jikoni, na anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Chuku, yaani kuumikwa, alipigwa mara mbili, akajihisi mwepesi siku chache. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kama vya kulisha gegedu, ndo vilotula pesa. Baadae nikasoma kwamba Marekani walivijaribu kwa watu 1,583 wenye magoti mabovu, majibu yakatoka 2006, na kwa jumla havikushinda vidonge visivyo na dawa.

Sasa ule unga. Tuliletewa kwenye karatasi, hauna jina, tukaambiwa ni mizizi mitupu. Siku ya tatu mama alishuka ngazi kwa miguu yake, mie nililia kwa furaha. Mwezi wa pili uso ukavimba ukawa mviringo, mashavu yanang'aa, kiu haikatiki, kupimwa sukari iko juu na hajawahi kuwa na sukari. Daktari alipouona uso tu akauliza, anakunywa dawa gani ya kienyeji? Akasema hizi ni dalili za steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, kuna watu wanaichanganya kwenye dawa za viungo ndo maana zinafanya kazi haraka hivo. Mwaka 2022 FDA, shirika la Marekani linalosimamia dawa, ilionya watu juu ya vidonge vya viungo vilivyouzwa kama vya asili, ndani mna dexamethasone, ambayo ni steroidi, na diclofenac ya maumivu, na hazikuandikwa. Na ukiwa umezoea steroidi usiache ghafla, mwili unakuwa umesahau kutengeneza ya kwake na unaweza kuanguka, mama alipunguziwa taratibu chini ya daktari. Ukiwa na unga kama huo nyumbani, uchukue na karatasi yake uende nao hospitali, usione haya.

Kilichomwinua mama ni mazoezi, na hakuna aliyeamini. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo hospitali, alimkalisha kwenye kiti, akamwambia anyooshe mguu mbele uwe kama ubao, ahesabu mpaka kumi, ashushe, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza alilalamika sana, nusura tuache. Wiki ya sita akapanda ngazi akishika ukuta tu. Msuli wa paja ukipata nguvu goti linapumzika, na kila kilo moja unayopunguza, goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua, mama amepunguza tano kwa kuacha chai ya sukari na mahamri ya jioni.

Lakini haya ni ya goti lilolika. Kama ni vidole vya mikono yote miwili vimevimba na asubuhi vinakaza zaidi ya saa nzima, hio inaweza kuwa ni baridi yabisi inayokula viungo, usikae miezi ukikanda, kuna dawa na zinataka kuanzwa mapema. Na kidole gumba cha mguu kikiwaka moto usiku mmoja tu, kapime jongo, yaani gauti.

Mbuzi tumeiondoa jikoni, nazi nakuna mie. Mafuta ya karafuu bado tunapaka kila usiku baada ya isha, ananiambia habari za siku huku namkanda.